Jeki za haidroliki kwenye pointi tatu za trekta dogo: vipimo, kufuli na mafuta

Kazi ya kufunga jeki kwenye pointi tatu, yaani mikono miwili ya chini na fimbo moja ya juu inayoshika kifaa nyuma ya trekta, huharibikia dukani, kabla hata bolti moja haijalegezwa. Mtu anaingia Gerezani, Dar es Salaam, anaona jeki safi yenye rodi inayong'aa, analipa, anavuka nayo Kigamboni au anateremka nayo Mkuranga. Shambani anakuta kwamba hata ikiwa imejifunga kabisa, bado ni ndefu kuliko fimbo aliyotaka kuiondoa. Jeki ni nzima, trekta ni zima, na haviingiliani. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye vipimo na kwenye namna ya kuyafungia mafuta ndani ya jeki, na nitapita haraka kwenye kuchomoa na kuingiza pini, kwa kuwa hilo kila fundi analiweza.

Ninazungumzia matrekta ya nguvu farasi 20 hadi 50 hivi: Kubota, Yanmar, Iseki na Shibaura yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, pamoja na madogo ya Kihindi yanayouzwa mapya. Jeki zinazoongezwa ni mbili. Moja inachukua nafasi ya toplinki, ile fimbo ya juu ya kuzungusha kwa mkono. Nyingine inachukua nafasi ya fimbo ya kunyanyulia ya kulia, ile yenye krenki au nati ya kupandisha mkono wa chini. Ya toplinki inainamisha kifaa mbele au nyuma; ya kulia inakilaza upande. Zote mbili ni za njia mbili, yaani mafuta yanaisukuma kwenda na yanaisukuma kurudi. Jeki ya njia moja, kama zile za tipa, haifai hapa.

Anayefaidika zaidi ni mwenye bledi au boksi la kusawazishia: wa kuchonga barabara za viwanja Bunju au Kibaha, kutengeneza mgongo wa barabara ili maji ya masika yakimbilie pembeni, au kuchimba mtaro kwa kona moja ya bledi. Toplinki ikifupishwa, meno ya mbele ya boksi yanauma ardhi. Ikirefushwa, makali ya nyuma yanalaza udongo. Kwa mkono, kila badiliko ni kushuka kwenye kiti na kupambana na thredi zilizoshika kutu. Mwenye plau la diski naye anafaidika, na nitaeleza kwa nini. Lakini kama kazi yako yote ni haro na trela, fedha hiyo iweke kwenye matairi.

Pini kwanza, urefu baadaye

Chukua kalipa upime pini zako. Pointi tatu za kundi la 1, ambazo ndizo nyingi kwenye matrekta haya, zina pini ya juu ya mm 19 na pini za chini za mm 22, na kati ya mikono ya chini kuna takribani mm 683. Kundi la 2 lina pini ya juu ya mm 25.4 na za chini za mm 28.6. Matrekta madogo sana ya kundi la 0 yana pini za mm 16. Jeki yenye jicho la mm 25 ukiifunga kwenye pini ya mm 19 itagonga kila unapopita tuta, na baada ya msimu mmoja masikio ya trekta yatakuwa mayai. Kama tundu la zamani limeshakuwa na umbo la yai, pima pande zote mbili. Tofauti ikizidi mm 1, peleka kwa fundi wa kukereza atie bushi kabla hujafunga kitu kipya.

Ncha za jeki ziwe na mpira wa chuma unaocheza ndani ya jicho. Mkono wa chini hauendi juu na chini tu, unajipinda pia. Jeki yenye uma usiocheza kwenye ncha zote mbili itapinda rodi, na rodi iliyopinda hata kidogo inakula sili upande mmoja hadi ianze kulia mafuta.

Urefu

Funga kifaa unachokitumia zaidi. Simamisha trekta mahali palipo sawa, zege la uwanjani ni zuri, na ukisawazishe kwa toplinki ya kawaida. Sasa pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Tuseme toplinki imetoka mm 610 na fimbo ya kushoto ya kunyanyulia mm 450. Hizo ndizo namba mbili za kwenda nazo dukani, na kila jeki unayoonyeshwa ipimwe dhidi yake.

Kila jeki ina urefu usiobadilika: kitako, kichwa, macho na unene wa pistoni. Huo pekee mara nyingi ni mm 200 hadi 300. Juu yake unaongeza mwendo mara moja kupata urefu ikiwa imejifunga, na mara mbili kupata urefu ikiwa imefunguka yote. Kwa hiyo katikati ya safari yake ni urefu usiobadilika pamoja na mwendo mara moja na nusu. Jeki ya toplinki yenye mm 300 zisizobadilika na mwendo wa mm 200 itajifunga kwa mm 500, itafunguka hadi mm 700, na katikati yake ni mm 600. Kwa toplinki ya mm 610, hiyo imekaa vizuri: una karibu sentimita 11 za kufupisha na 9 za kurefusha.

Upande wa kulia ndipo watu wanapoumia. Kwa fimbo ya mm 450, jeki yenye mm 300 zisizobadilika na mwendo wa mm 100 inakaa katikati kabisa: 400 ikijifunga, 500 ikifunguka. Muuzaji akikushawishi uchukue ya mwendo wa mm 150 kwa kuwa "inakwenda zaidi", ikijifunga itakuwa mm 450. Maana yake inaweza kuushusha mkono wa kulia tu, haiwezi kuupandisha hata kidogo. Dawa ni kutafuta jeki yenye mwili mfupi zaidi, au kurefusha fimbo ya kushoto ikiwa nayo ina thredi za kurekebisha. Ukiirefusha ya kushoto, kumbuka mikono yote miwili itashuka na kimo cha kunyanyua kitapungua.

Je, mm 100 zinatosha? Angalia fimbo ya kunyanyulia imefungwa wapi kwenye mkono wa chini. Mkono wenye mm 750, fimbo ikiwa imefungwa mm 450 kutoka kwenye bodi ya trekta, unazidisha mwendo mara 1.67 kwenye ncha. Mm 50 za jeki zinakuwa mm 83 kwenye ncha ya mkono. Kwa umbali wa mm 683 kati ya mikono, huo ni mlalo wa karibu nyuzi 7. Kwenye bledi ya mita 1.5, kona moja inakuwa sentimita 18 chini ya nyingine. Kwa mtaro wa kando ya barabara hiyo ni kazi ya kutosha.

Kwa plau, hesabu ni hii. Unapolima, tairi la kulia linatembea ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa. Mfereji wa sentimita 15 na trekta lenye mita 1.2 kati ya matairi unalilaza trekta nyuzi 7 upande wa kulia, na plau inalala nalo. Ili isimame sawa lazima mkono wa kulia upandishwe, yaani jeki ijifunge. Mfereji wa kwanza unalimwa trekta likiwa limesimama sawa, inayofuata ikiwa limelala, na mwenye jeki anabadilisha bila kusimama. Hapo mm 50 za kujifunga zinatosha, lakini hakuna akiba. Ukitaka kulima zaidi ya sentimita 15, jipe nafasi zaidi upande wa kujifunga na kidogo upande wa kufunguka.

Unene wa jeki

Kosa la kawaida ni kusoma nguvu ya kusukuma tu. Jeki yenye kipenyo cha ndani cha mm 50 na rodi ya mm 30, kwa presha ya bar 150, inasukuma karibu tani 3, lakini inavuta tani 1.9 tu, kwa sababu rodi imechukua sehemu ya nafasi ya mafuta. Na jeki zote mbili hapa, kifaa kinaponing'inia hewani, zinavutwa.

Chukua kifaa cha kilo 350 ambacho uzito wake umekaa sentimita 60 nyuma ya pini za chini, na toplinki ikiwa sentimita 46 juu ya pini hizo. Toplinki inavutwa kwa karibu kilo 456. Trekta likiruka tuta, zidisha kwa tatu: karibu kilo 1,400. Jeki ya mm 50 inabeba hiyo na kubakiza. Mm 40 yenye rodi ya mm 25 inavuta chini ya kilo 1,200 kwa presha hiyohiyo. Mimi siishauri, hata kama ni rahisi na inapendeza machoni. Mm 63 ni ya trekta la kuanzia farasi 40 lenye kifaa kizito, na kwenye trekta dogo inaongeza uzito na gharama bila sababu.

Kama ncha hazilingani na itabidi kuchomelea jicho jipya, jeki ifunguliwe na sili zote zitoke kwanza. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye kipande kilekile kinachochomelewa. Ukiubana kwenye mwili wa jeki huku unachomelea ncha ya rodi, umeme unapita kati ya rodi na kichwa na kuacha vidonda kwenye kromu. Vidonda hivyo huvioni kirahisi, ila sili inavisikia kila inapopita. Tumia elektrodi kavu za E7018, na jicho la chuma kigumu lipashwe joto kwanza, nyuzi 150 hadi 200.

Kufuli

Hiki ndicho kifaa ambacho wengi wanakiruka ili kupunguza gharama, na ndicho kinachoamua kama utaipenda kazi au utairudisha toplinki ya zamani ndani ya wiki. Kontroli yoyote ya spuli, yaani valvu ya levari inayoelekeza mafuta kwenye jeki, inavuja kidogo. Spuli, kile kijiti cha chuma kinachosukumwa na levari, inateleza ndani ya chuma bila sili, na mafuta hupita pembeni yake. Kwenye loda huoni shida. Kwenye bledi unayotaka ikate mlalo uleule kwa mita mia, jeki inayoteleza milimita chache kila dakika inakuharibia barabara nzima.

Dawa ni valvu ya kufuli ya pande mbili, ikae kwenye mwili wa jeki yenyewe. Inazuia mafuta yasitoke upande wowote. Ukibonyeza levari, presha inayoingia upande mmoja inakisukuma kipistoni kidogo ndani yake, nacho kinaufungulia upande wa pili. Ukiachia levari, pande zote zinafunga. Ikikaa mbali, kwenye kontroli au katikati ya hozi, inalinda jeki isiteleze lakini hailindi kitu hozi ikipasuka: mkono wa kulia utaanguka papo hapo na kifaa chote kitalala. Ikiwa juu ya jeki, hozi inapasuka, mafuta ya kwenye hozi yanamwagika, na kifaa kinabaki kilipo.

Jambo moja muuzaji hatakwambia. Kufuli inafunga vizuri pale tu presha ya kwenye hozi inapopotea baada ya kuachia levari. Kontroli ambayo levari ikiwa katikati inaunganisha A na B, yaani midomo miwili inayokwenda kwenye jeki, na njia ya kurudi tangini ndiyo rafiki yake. Kontroli inayoziba A na B inaweza kubakiza presha ndani ya hozi, ile presha inaendelea kukisukuma kipistoni, na kufuli inabaki wazi kidogo. Unaona jeki inateleza kwa muda kisha inatulia yenyewe. Watu wanalaumu sili, wanafungua jeki nzima, na tatizo liko kwenye spuli. Ukinunua kontroli mpya, uliza swali hilo kwanza.

Mwendo wa mafuta

Jeki ya mm 50 yenye mwendo wa mm 200 inameza sentimita za ujazo 393. Pampu ya lita 25 kwa dakika inatoa karibu 417 kwa sekunde. Yaani toplinki inafunguka yote ndani ya sekunde moja, na inarudi kwa sekunde 0.6. Huwezi kurekebisha bledi hivyo. Utakuwa unarukaruka kati ya juu mno na chini mno.

Lengo liwe sekunde 4 hadi 6 kwa safari nzima, kama lita 5 kwa dakika. Kizuizi ni kipande kidogo chenye kitundu cha mm 1 hadi 1.2 kinachokaa ndani ya nipo, kile kiungio cha hozi. Kitundu cha mm 1.5 kinapitisha zaidi ya mara mbili ya cha mm 1, kwa hiyo anza na kidogo. Kupanua ni rahisi kuliko kuziba. Pazuri zaidi ni kati ya kufuli na jeki, upande wa rodi. Hapo mafuta yanayotoka yanabanwa, presha ya upande unaoingia inabaki juu, na kufuli inakaa wazi bila kutetemeka. Kama kufuli imeunganishwa kiwandani na jeki huwezi kuingia katikati, kiweke kwenye nipo ya hozi. Ukisikia jeki inashuka kwa kutetemeka, tata-tata-tata, ujue uzito unakimbia mbele ya pampu: kufuli inafunga na kufungua, inafunga na kufungua. Punguza kitundu.

Mafuta yanatoka wapi

Trekta lenye kapla (midomo ya kuchomekea hozi) mbili mbili za nyuma, jumla nne, halina mjadala. Lenye jozi moja linaweza kuongezewa valvu ya kugawa ya umeme wa volti 12 yenye midomo sita, na kitufe kwenye levari. Jeki hazitaenda kwa pamoja, lakini hazihitaji kwenda kwa pamoja.

Lisilo na kapla kabisa linahitaji kontroli ya levari mbili. Kwenye matrekta madogo mengi pampu ni ya gia na mafuta yanazunguka muda wote, hivyo kontroli lazima iwe ya aina ya katikati wazi na iwe na midomo mitatu ya kutofautisha: P ya kuingilia, T ya kurudi kwenye giaboksi, na PB ya kuendeleza mafuta mbele. Mpangilio ni pampu, kisha kontroli ya loda kama ipo, kisha kontroli mpya, kisha pointi tatu. PB inakwenda kwenye pointi tatu. T inakwenda peke yake kwenye giaboksi, kwa hozi pana isiyobanwa.

Wanaookoa hozi moja huacha kufunga kipande cha PB na kuunganisha T na njia ya pointi tatu. Pointi tatu zitanyanyua, na utadhani umefanikiwa. Lakini upande wa T wa kontroli haukutengenezwa kubeba presha nzima ya pampu. Sili za ncha za spuli zitaanza kutoa mafuta, na mwili wenyewe unaweza kupasuka siku ya kunyanyua mzigo mzito.

Wenye Massey Ferguson 135 na 240 wanauliza sana. Pampu yao iko ndani ya giaboksi, inazungushwa na shafti ya PTO (ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha vifaa), na inadhibitiwa upande wa kunyonya: mikono ikifika ilipotakiwa, mdomo wa kunyonya unafungwa na pampu haisukumi kitu. Kontroli ya katikati wazi haipati mafuta ya kuzunguka hapo. Njia safi ni pampu ya pembeni yenye tangi lake.

Presha usiiguse. Matrekta mengi ya ukubwa huu yako kati ya bar 130 na 180. Funga geji ya bar 250 kwenye kapla, shika levari hadi mwisho kwa sekunde mbili, soma, achia. Kukaza skrubu ya rilifu valvu, ile inayoweka kikomo cha presha, ili jeki "ipate nguvu" ni kuipasua pampu ambayo haikuwa na kosa.

Hozi na fitingi

Hozi za inchi 1/4 zinatosha kwa jeki hizi, lakini ziwe za waya mbili. Sababu ni hii: ikiwa kapla ya kurudi haijaingia sawasawa, mafuta ya upande wa rodi hayana pa kutokea, na presha yao inapanda kwa uwiano wa nafasi. Kwa jeki yetu ya mm 50, bar 150 upande wa kitako zinakuwa bar 234 upande wa rodi. Hozi ya waya moja ya inchi 1/4 ni ya bar 225. Ya waya mbili ni ya bar 400.

Pima urefu kwa kamba ya katani, mikono ikiwa juu kabisa, chini kabisa, na imelala pande zote mbili. Chukua kipimo kirefu zaidi na uongeze kidogo. Kona ya hozi ya inchi 1/4 isibane chini ya sentimita 10. Ipite mbali na tairi na mbali zaidi na shafti ya PTO. Mwambie fundi wa kubana hozi asafishe ndani baada ya kukata: vumbi la mpira na chuma cha diski ya kukatia hubaki ndani, na kipande kidogo kuliko punje ya mchanga kikikaa chini ya kufuli, jeki itateleza milele. Hewa ya kompresa pande zote mbili, kisha mafuta safi kidogo, kisha vifuniko hadi siku ya kufunga.

Thredi zinachanganya hata wenye uzoefu. Matrekta ya Kijapani na ya Kihindi mengi yanatumia BSP au milimita. Jeki na kontroli zenye asili ya Marekani zinakuja na JIC au NPT. BSP ya inchi 3/8 ina kipenyo cha mm 16.66 na thredi 19 kwa inchi. NPT ya inchi 3/8 ina karibu mm 17.1 na thredi 18. Zitaingiana mizunguko miwili au mitatu, zitakaza, na zitavuja. JIC ina koni ya nyuzi 37, BSP nyuzi 30 kila upande. Zikikutana zinagusana kwenye ukingo mwembamba tu. Nenda na geji ya thredi, usiamini macho.

Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, iache nyumbani. Inakatika ndani ya thredi, vipande vinaingia kwenye spuli na kwenye kufuli. BSP iliyonyooka inazibwa na washa ya chuma yenye mpira ndani, ile ya Dowty.

Kufunga na kujaribu

Kifaa chini na kimeondolewa kabisa, injini imezimwa, levari zote zichezwe pande zote kutoa presha, matairi yawekewe vigingi. Mkono wa kulia utegemezwe kabla ya kuchomoa pini. Jeki ya kulia ikae mwili juu na rodi chini, ili tope na maji vidondoke badala ya kukaa juu ya sili. Midomo ya mafuta itazame nyuma, siyo kwenye tairi. Jeki ya toplinki mwili uwe upande wa trekta, hozi zitakuwa fupi na hazitacheza sana. Fimbo ya kushoto kama ina tundu refu na tundu duara, pini ikae kwenye duara. Minyororo ya pembeni ilegezwe sentimita mbili tatu, la sivyo mikono itabanana inapolala.

Washa, injini iwe chini, na uzicheze jeki mwanzo hadi mwisho mara tano au sita bila kifaa ili hewa itoke. Kisha zifunge zote, mikono chini, na upime mafuta. Jeki mbili na hozi zake humeza pungufu ya lita 1. Ongeza mafuta yaleyale ya giaboksi na haidroliki ya trekta. Ya injini hayafai, maana kwenye matrekta mengi breki nazo zinaogelea humo.

Sasa funga kifaa na upandishe polepole mno, mkono ukiwa tayari kuachia. Jaribu toplinki ikiwa imejifunga na mikono juu kabisa: hapo ndipo kifaa hupiga madigadi au matairi. Kikigusa, hamishia pini ya toplinki tundu jingine kwenye bodi ya trekta, au bana kola ya chuma ya vipande viwili kwenye rodi ili isijifunge yote. Kwa kifaa cha PTO, hakikisha shafti inabaki imeingiliana angalau theluthi moja ya urefu wa mirija yake toplinki ikiwa ndefu kabisa.

Kupima kama inateleza: nyanyua kifaa, jeki zikiwa katikati ya mwendo, zima injini, bandika utepe kwenye kromu pale rodi inapotokea. Rudi baada ya nusu saa. Ikiwa imesogea, injini ikiwa bado imezimwa, cheza levari utoe presha ya hozi, upime tena. Ikitulia, tatizo ni kontroli inayobakiza presha. Ikiendelea, shusha kifaa chini, ifunge jeki yote, fungua hozi ya upande wa kitako kwenye kapla na uielekeze kwenye chupa, ziba mdomo ulioachwa wazi, kisha mwenzako aipe jeki presha ya kujifunga. Mafuta yakiendelea kutoka kwenye chupa, sili ya pistoni imekwisha. Yakikauka baada ya matone machache, pistoni ni nzima na uchafu uko kwenye kufuli.

Uvujaji utafutwe kwa kipande cha boksi, kamwe siyo kwa kiganja. Mafuta ya bar 150 kutoka kwenye tundu la sindano yanapenya ngozi bila maumivu makubwa, na saa chache baadaye mkono umevimba na nyama inakufa. Likitokea, ni hospitali papo hapo, na mwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha, maana kidonda kinaonekana kama mchomo wa mwiba.

Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni hadi Bagamoyo, chumvi ya hewani inaanza kula kromu palipo na mkwaruzo mdogo. Egesha jeki zikiwa zimejifunga. Sehemu ya rodi inayobaki nje ipakwe grisi nyembamba, na ifutwe kabla ya kuanza kazi ili mchanga ulionata usiingizwe kwenye sili. Kabla ya kuchomoa kapla, zima injini na ucheze levari. Hozi iliyofungiwa presha na kuachwa juani hadi mchana haitaingia tena kwenye kapla yake mpaka ufungue nipo na kuitoa presha polepole, kitambaa kikiwa kimefunika nati.